Tuache Kungoja Mpaka Tuwe Hodari

Jumapili moja ya Februari, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule moja hapa Leicester, nilipiga mishale 60 katika mashindano yangu ya kwanza nikapata alama 287 kati ya 600. Orodha ilipobandikwa ukutani, jina langu lilikuwa la mwisho. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nishike upinde, na kwenda sikutaka; kocha ndiye aliyenijazia fomu. Nilipomwambia bado sijawa tayari, alinijibu, "Ndiyo maana unakwenda."

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kilifi, na huu ni mwaka wangu wa tisa Uingereza. Jibu lile limenikaa moyoni kwa miaka mitatu sasa, kwa sababu kwetu ningejibiwa kinyume chake: ngoja kwanza uwe hodari, halafu tutakupeleka ukashindane. Naamini hapo ndipo tunapojikwaa.

Wengi hudhani tofauti ni pesa. Pesa ipo, sikatai. Upinde wa mashindano, wenye fimbo zake za kuutuliza na saiti ya kulengea, ni ghali hata kwa mshahara wa hapa, na ukiuagiza mpaka Mombasa unaongeza nauli na ushuru. Lakini mwaka wangu wa kwanza wote nilitumia upinde wa mbao wa klabu, uliokwisha kupita mikononi mwa wanagenzi wengi kabla yangu, na huo ndio mwaka niliojifunza mengi zaidi. Kilichonifunza ni yale mashindano madogo yasiyotangazwa popote, ya watu thelathini na chai ya kwenye chupa.

Hebu niwaeleze yanavyokwenda. Majira ya baridi tunapiga ndani. Mzunguko unaopendwa sana na klabu za hapa unaitwa Portsmouth: yadi 20, shabaha yenye upana wa sentimita 60, mishale mitatu kila zamu, zamu 20. Filimbi mbili, mnaingia mstarini. Filimbi moja, mnaanza. Filimbi tatu, mnafuata mishale yenu, na hakuna anayeugusa mshale mpaka alama ziandikwe. Mshale ukigusa mstari unaotenga alama mbili, unapewa ile ya juu. Kila mtu hutaja alama zake kwa sauti, kuanzia kubwa, na mwenzake anaandika.

Hapo kwenye kutaja ndipo nilipofundishika. Mazoezini, mshale uliopotea niliusahau kabla sijaufuata. Siku ile nilisimama mbele ya watu watatu nisiowajua nikasema, "Saba, mbili, nimekosa," na mzee aliyeshika kalamu akaandika, kisha akaniambia kwa upole kwamba mshale wangu wa tatu kila zamu unakwenda kushoto. Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nachoka mkono ndani ya mishale mitatu na sijui. Wiki iliyofuata kocha akanibadilishia mabawa ya upinde, zile sehemu mbili zinazopinda ukivuta, kutoka uzito wa kuvuta wa pauni 26 hadi 20, na mishale ikaanza kukaa pamoja. Ningepiga mwaka mzima peke yangu nikiulaumu upepo, na humo ndani upepo haumo.

Kuna pia hesabu wanayoiita handikapu. Alama unazopata hutazamwa kwenye jedwali na kukupa nambari, na kadiri unavyopata ustadi ndivyo nambari inavyoshuka. Kwa hesabu hiyo mwanagenzi anashindana na alama zake za jana huku amesimama bega kwa bega na bingwa wa mkoa, na siku akijipita mwenyewe anaweza kuondoka na medali. Mimi ninayo moja. Ipo juu ya jokofu.

Kocha wangu ni mama wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, na halipwi hata senti. Kilichonishangaza kwake ni uchache wa maneno. Kwa wiki sita alitazama kitu kimoja tu: mahali mkono wangu wa kulia ulipotua. Kwa pinde hizi za kisasa mkono unaovuta lazima utue pale pale kila mara, chini ya taya, upote, yaani kamba ya upinde, ukigusa kidevu na ncha ya pua. Ukipanda au kushuka kidogo tu, mshale unaangukia rangi nyingine ya shabaha. Nikikosea kiwiko, miguu, pumzi, alinyamaza. Nilipomuuliza kwa nini hanisahihishi hayo mengine, akasema hakuna mtu anayerekebisha makosa matano kwa mshale mmoja.

Mwaka wa pili ulinijia ugonjwa ambao walengaji wa hapa wanauogopa kuliko mvua, hofu ya shabaha. Unaufikisha upinde karibu na ile rangi ya manjano ya katikati na vidole vinaachia kabla hujaamua. Au mkono unaganda chini ya manjano, unakataa kupanda. Mimi ninayetafuta mishipa ya wagonjwa saa tisa za usiku bila kutetemeka, nilishindwa kuutuliza mshale kwa sekunde mbili. Nililia ndani ya gari. Kocha akaiondoa karatasi ya shabaha kabisa. Kwa wiki nane nilisimama hatua tano kutoka kwenye tita tupu la majani makavu, macho nimeyafumba, nikivuta, nikihesabu, nikiachia. Kisha akarudisha karatasi kubwa, karibu, akawa anaisogeza nyuma mita kwa mita.

Na kabla hata hajafika yadi 20, akanijazia fomu tena. Alama zangu, zilizokuwa zimefika 498, zikaporomoka hadi 431 mbele ya watu walewale. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini ananiaibisha. Akanifunulia karatasi ya alama, akaweka kidole kwenye zamu nne za mwisho: mishale 12, na hakuna hata mmoja ulioponyoka. Mazoezini nisingelijua hilo, kwa sababu mazoezini ugonjwa haukuwa ukinishika kwa nguvu ile. Leo napiga 531.

Nirudi Kilifi. Babu yangu, upande wa Ganze, alikuwa na uta uliotundikwa juu ya mlango, na podo la ngozi ambalo sisi watoto tulikatazwa kulisogelea kwa sababu ya sumu ya mishale. Sisi uta hatukuletewa na mtu. Wahadza wa Ziwa Eyasi, huko Tanzania, hadi leo humpa mtoto wa kiume uta wake angali mdogo sana. Waata, wawindaji wa nyika ya Tsavo, walivuta nyuta za uzito unaozidi pauni 100, wakati wanaume wanaoshindana Olimpiki siku hizi wanavuta kiasi cha pauni 50. Mwaka 1363 mfalme wa hapa, Edward III, aliamuru wanaume wajifunze uta siku za sikukuu na kuacha michezo mingine. Miaka karibu 600 baadaye, ufalme uleule ulipotenga Tsavo kuwa hifadhi, mwaka 1948, Waata waligeuzwa wahalifu ndani ya nyika yao, na miaka ya 1950 wengi wakafungwa. Ndovu walikuwa wakiuawa, najua, na jangili simtetei. Linaloniuma ni kwamba uta uliokuwa fahari ya mtu ukawa ushahidi wa kumfungia, na hakuna aliyefikiria kuwafungulia watu wenye mikono ile uwanja wa shabaha. Wala sisi wenyewe, tulipojitawala, hatukufikiria.

Siyo kwamba hatuna watu. Dominic Rebelo aliwahi kutuwakilisha Olimpiki. Shehzana Anwar alituwakilisha Rio 2016, na ndiye aliyebeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi. Nchi ya wakimbiaji, na bendera ikashikwa na mlenga mishale! Nikiwauliza wenzangu wa Kenya hapa, wengi hawalikumbuki.

Miaka miwili iliyopita nikiwa likizo nilitafuta pa kupiga, nikafika mahali ambapo sitapataja. Walinipokea kwa chai na mahamri. Vijana niliowakuta wana mikono mizuri kuliko yangu, nasema kweli. Nikawauliza alama zao. Hakuna aliyezijua. Walikuwa wakipiga, wakichomoa, wakipiga tena, miaka nenda miaka rudi, bila daftari. Kijana mmoja wa miaka 17 alikusanya mishale mitano mahali ambapo kikombe cha kahawa kingeifunika yote. Nikamuuliza ameshindana mara ngapi.

"Bado, dada. Wanasema nikiwa tayari."

Alikuwa na miaka mitatu akipiga. Mashindano aliyokuwa akiyangoja yaliahirishwa mara mbili, halafu yakafanywa kwa kuitana kwa simu, na yeye hakuitwa. Mwaka jana niliambiwa ameacha upinde, anaendesha bodaboda Mtwapa.

Mkitaka mfano usio wa Uingereza, tazameni Korea Kusini. Timu yao ya wanawake imechukua dhahabu kila Olimpiki tangu 1988, mara kumi mfululizo, na Paris 2024 Wakorea walizoa dhahabu zote tano za mchezo huu. Watu husema siri ni vidole vyao, vilivyozoea vijiti vya kulia. Mimi natazama mchujo wao. Kule bingwa hana kiti cha kuwekewa: An San, aliyepata dhahabu tatu Tokyo, hakufuzu kuingia timu ya Paris. Kila mara wanaanza upya mstarini, wote.

Paris hiyohiyo, Israel Madaye wa Chad alipangwa raundi ya kwanza na Kim Woo-jin, aliyekuja kuwa bingwa, na mshale wake mmoja ukapata alama 1. Mitandaoni wengi walimpenda, na wengine walicheka. Mimi niliumia. Yule ni mtu aliyefika Olimpiki kwa jasho lake, na kwenye mechi kama zile una sekunde 20 tu za kuachia mshale, mita 70 kutoka kwenye shabaha, dunia nzima ikitazama. Moyo wa mtu hauwezi kuzoea jambo hilo siku hiyohiyo. Unazoeshwa kwenye kumbi za shule, mbele ya watu thelathini, mwaka baada ya mwaka.

Lakini lipo jambo ambalo hapa wamelikosa, na sisi tunalo bure. Hapa mtu hakusahihishi mpaka umwombe. Nilipiga miezi miwili kando ya bwana mmoja aliyekuwa akiona wazi kwamba mishale yangu ni mifupi kwa mikono yangu, jambo la hatari, na hakusema, kwa sababu aliona ni ujeuri kumwingilia mtu. Kwetu, mshale wa kwanza tu ungekwishaambiwa na watu watano, na wawili kati yao ni wapita njia. Makelele yale niliyokuwa nikiyakimbia utotoni, leo nayaona ni hazina. Tukiyatia mpango kidogo, mmoja akitazama mkono na mwingine akiandika, tuna makocha wengi kuliko tunavyodhani.

Mwezi Mei nilimpigia mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi imepungua?"

Nikamweleza kwamba nataka watoto wa shuleni kwake washindane kulenga shabaha. Akanikatiza: "Sasa watoto hawajui kitu, watashindana nini?" Nikampa jibu la kocha wangu kama nilivyolipokea. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza yadi 20 ni hatua ngapi. Nikamwambia watoto waanze na hatua kumi.

Fundi wa kijijini akachonga nyuta nyepesi za fito na mishale butu kiasi cha kushika gunia tu. Magunia manne yakashindiliwa vitambaa na makumbi, yakasimamishwa mbele ya kichuguu ili mshale uliopita usiende popote. Duara zilichorwa na watoto wenyewe. Kamba chini ndiyo mstari, filimbi ni ileile ya gwaride. Jumamosi ya kwanza ya Juni walipiga watoto 14, mishale 12 kila mmoja. Aliyeongoza alipata 71 kati ya 120, na wa mwisho, msichana wa darasa la sita, akapata 9. Mjomba alitaka kulificha jina lake asihuzunike. Nikamsihi aliandike. Wamepiga mara tano tangu hapo, na msichana yule hajakosa hata Jumamosi moja. Mwezi uliopita amepata 44.

Desemba naja nyumbani na karatasi 40 za shabaha na upinde wangu wa zamani, nikae mpaka katikati ya Januari. Nambari ya yule kijana wa Mtwapa nimeipata. Nilimpigia nikamwambia kuna watoto 14 hawajawahi kuona mtu akikusanya mishale mitano mahali pamoja, na Jumamosi ya kwanza ya Januari atapiga nao, hatua zake tutaziongeza. Hakuuliza nauli wala upinde. Aliuliza kama alama zitaandikwa.