Gundi ya Meno Ipimwe kwa Miaka

Gundi inayokishikiza kijazo cha resini (aina ya plastiki) kwenye jino mara nyingi hupimwa nguvu baada ya saa 24, kisha ikasifiwa kwa matokeo hayo. Naona kipimo hicho hakimsaidii sana mgonjwa, kwa kuwa siku ya kwanza gundi nyingi hushika vizuri, na udhaifu wake hujitokeza baada ya miaka.

Enameli, ganda gumu la nje la jino, haitutii wasiwasi mkubwa. Tangu mwaka 1955, mtafiti wa meno Michael Buonocore alipoonyesha kwamba asidi ya fosforiki huifanya ishikane vyema na resini, msingi huo umebaki imara, kwani enameli ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Taabu iko kwenye dentini, sehemu iliyo chini ya enameli, yenye kolajeni (protini ya nyuzi) nyingi na maji yasiyokauka maadamu jino li hai. Asidi inapoyaondoa madini yake, nyuzi za kolajeni hubaki wazi, na resini hutakiwa kupenya katikati yake na kugandia humo ili lipatikane tabaka mseto, ambalo Nobuo Nakabayashi na wenzake walilieleza mwaka 1982. Mara nyingi resini haifiki hadi chini kabisa. Nyuzi zilizokosa kufunikwa hukatwakatwa polepole na vimeng'enya vilivyomo ndani ya dentini yenyewe, ambavyo asidi huviamsha, huku maji yakiivunjavunja resini kutoka upande wa pili.

Ndiyo maana sifurahishwi na mbio za kurahisisha kazi kwa kutia kila kitu katika chupa moja. Ili gundi ya namna hiyo iivae dentini yenye unyevu, ni lazima iwe na viambato vinavyopenda maji, na viambato hivyo hivyo huendelea kuyafyonza hata baada ya gundi kugandishwa kwa taa, hata ikawa utando unaoyapitisha. Dakika chache zilizookolewa kwenye kiti cha daktari hulipwa na mgonjwa baadaye.

Mimi ningechagua asidi ipakwe kwenye enameli peke yake, dentini ipewe gundi yenye kiambato cha MDP, ambacho huungana kikemia na kalsiamu ya jino, kisha juu yake lipakwe tabaka la resini isiyopenda maji. Gundi isuguliwe kwa utulivu na kiyeyusho chake kipeperushwe kwa hewa hadi kiishe, hatua ambayo huharakishwa mno. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, imevizuia vimeng'enya maabara, lakini kwa wagonjwa faida yake haijawa ya kuridhisha, kwa hiyo nisingeitegemea.

Daktari anayeletewa gundi mpya aulizie kwanza majaribio ya miaka mitano au zaidi kwenye mabonde ya shingo ya jino yasiyotokana na kuoza. Hapo hakuna kingo za kukizuia kijazo. Gundi ikichoka, kinadondoka.