Megalodoni alikuwa bonge au mwembamba?

Picha za megalodoni, yule papa mkubwa wa kale, zote zinafanana, papa mweupe aliyekuzwa tu mpaka akawa saizi ya basi, na mimi niliizoea hiyo picha hadi siku nilipokaa nikafuatilia imetoka wapi. Imetoka kwenye meno. Papa hana mifupa, ana gegedu, na gegedu linaoza, kwahiyo mnyama aliyetoweka kama miaka milioni 3.6 iliyopita katuachia meno makubwa kuliko kiganja na pingili chache za uti wa mgongo, basi. Taya ukiliona makumbusho ujue limeundwa, lile la New York la 1909 lilipangwa kubwa mno mpaka mnyama akahesabiwa kama mita 30.

Sasa wanasayansi wamegawanyika. Mwaka 2022 Jack Cooper na wenzake walichukua uti wa mgongo uliopatikana Ubelgiji karne ya 19, una pingili kama 140, wakaunda modeli ya kompyuta kwa kuazima zaidi umbo la papa mweupe, wakapata mita 16 na tani 61 hivi. Hoja yao si ya kitoto. Huyu samaki alikula nyangumi, alama za meno yake zipo kwenye mifupa yao, halafu kemia ya meno (utafiti wa 2023) ikaonyesha mwili wake ulizidi joto la maji kwa karibu digrii 7. Mwili wa hivyo unataka misuli na chakula kingi, kwahiyo ubonge unaingia akilini.

Ila upande wa pili, kina Phillip Sternes na Kenshu Shimada, wana hoja moja ambayo kwangu ilimaliza kesi ya papa mweupe. Chukua pingili nene kuliko zote za huyohuyo wa Ubelgiji, kipenyo sentimita 15.5, itie kwenye fomula ya papa mweupe inayokadiria urefu kutokana na unene wa pingili, unapata samaki wa mita 9 na kidogo. Lakini uti wenyewe, bila kichwa wala pezi la mkia, una mita 11.1! Sasa samaki gani mfupi kuliko mgongo wake mwenyewe? Pingili ni nyembamba kwa urefu ule, maana yake mwili nao ulikuwa mwembamba, kitu kama papa limau, aina ya papa mwembamba wa leo. Na hata ukoo wao siku hizi umetenganishwa, megalodoni si babu wa papa mweupe kama tulivyokuwa tunaambiwa.

Tatizo langu ni ule urefu wa mita 24.3 waliotoa 2025 ikasambaa kila mahali. Kichwa na mkia wamekadiria kwa kuangalia uwiano wa papa wengine, wakafika mita 16.4 kwa yule wa Ubelgiji. Kisha wakaleta pingili ya Denmark yenye kipenyo cha sentimita 23. Shika kalkuleta, 23 gawa kwa 15.5 zidisha 16.4, ndio hiyo 24.3 yako. Yaani samaki mzima kasimama juu ya pingili moja na dhana kwamba wote wawili walikuwa na umbo lilelile, na tani 94 zinazotajwa zimepanda juu ya hapohapo.

Kinachochekesha ni kwamba kwa samaki wa Ubelgiji mwenyewe urefu hawagombani, huku 15.9 kule 16.4. Ugomvi ni uzito. Ukiteremsha zile tani 94 hadi mita 16.4 (uzito unafuata uwiano wa urefu uliozidishwa wenyewe mara tatu, si mara moja) unabaki na kama tani 30, nusu ya zile 61, na hapo hesabu nzima ya chakula inabadilika, maana moja ya maelezo ya kutoweka kwake ni njaa, bahari ilipopoa, mawindo yakapungua na papa mweupe akaanza kugombania mlo. Mnyama wa tani 30 hafi njaa sawa na wa tani 61.

Mimi wembamba nimeukubali, 24.3 naiacha mezani kwanza mpaka apatikane mmoja mwenye kichwa na mgongo pamoja.