Pesa Kwanza, Saini Baadaye

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa Dubai na Sharjah. Jamaa anaongea taratibu, kwa utulivu wa mtu aliyeshiba, anawashauri wanaoacha kazi kwenda Kanada, Uingereza au kurudi nyumbani: usigombane na PRO (yule mtu wa kampuni anayeshughulikia karatasi za serikali), saini karatasi ya kukansel, panda ndege yako, pesa watakutumia. Kisha anacheka kidogo. Chini yake watu wamemwaga mikono ya kushukuru. Asante kaka kwa elimu.

Elimu gani hiyo?

Karatasi anayowaambia watu wasaini bila kugombana ni ombi la kufuta kibali cha kazi, na ndani yake kuna maneno kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote. Ukisaini umekiri kwamba umelipwa. Hukusaini kwamba unaondoka, maana kuondoka kwako ulishakuandika kwenye barua ya kuacha kazi. Kampuni inaipeleka wizara ya kazi, kibali kinakufa, viza ya ukaazi inafuata, na kuanzia hapo yule dada wa HR aliyekuwa akipokea simu kwa mlio wa kwanza anakuwa na vikao kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukienda kulalamika, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama hii saini si yako.

Kinachouma ni kwamba sheria yenyewe haina ubaya. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, Namba 33 ya mwaka 2021, ilianza kutumika Februari 2022, na ilifuta ule utaratibu wa zamani wa kumkata aliyeacha kazi mwenyewe theluthi au theluthi mbili za kiinua mgongo chake. Siku hizi ukiacha kwa hiari unapata chako kamili, mradi umefikisha mwaka mmoja. Lakini mpaka leo kuna mameneja wanaowaambia watu "umejiuzulu mwenyewe, hakuna kiinua mgongo", na watu wanaamini, wanainamisha vichwa, wanasaini.

Tuione siku yenyewe inavyokwenda. PRO anakuja na karatasi siku ya mwisho, saa kumi jioni, wewe begi liko mlangoni. Atasema mfumo unafungwa. Atasema ukichelewa utapigwa faini ya viza. Hapo kaa kwenye kiti. Faini ya kuzidisha siku ni dirham 50 kwa siku, na baada ya kukansel haianzi mpaka muda wa neema, yaani siku za kukaa nchini ulizopewa baada ya viza kufutwa, uishe. Kabla viza haijafutwa, na kama tarehe yake haijapita, hakuna faini yoyote juu yako. Kwa hiyo kitisho hicho ni hewa, isipokuwa kama viza yako yenyewe iko ukingoni mwa kuisha, ndiyo maana tarehe ya viza inaangaliwa kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Usipange siku yako ya mwisho iangukie wiki mbili za mwisho za viza, kwa sababu hapo saa inakuwa upande wao.

Jambo la pili atakalosema ni kwamba sheria inawapa siku 14. Kweli. Haki zote za mfanyakazi zinatakiwa zilipwe ndani ya siku 14 tangu mkataba ulipoisha. Vizuri sana, basi utasaini siku ya 14. Hakuna kifungu kinachokulazimisha kuandika leo kwamba umepokea pesa utakayopewa wiki mbili baadaye. Na asikuletee picha ya skrini ya muamala, maana picha ya skrini haijawahi kununua tiketi. Unafungua app ya benki yako, unaona salio limepanda, unapiga hesabu, ndipo kalamu inashuka. Wakitaka kulipa kwa hundi, iwe hundi iliyotolewa na benki yenyewe, na ibadilishane na saini juu ya meza moja. Hundi ya kampuni yenye tarehe ya mwezi ujao ni ahadi iliyopigwa muhuri.

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Kampuni zinazolipa vizuri zipo, tena nyingi, na kuna maofisa wa HR wanaoudhika wakiona mfanyakazi anawatazama kama wezi. Sawa. Hao basi haitawagharimu chochote kulipa kwanza.

Wakikataa kabisa, lalamika kupitia app ya wizara ya kazi ukiwa bado nchini na kibali bado kiko hai. Tangu Januari 2024 wizara inaweza kuamua yenyewe madai yasiyozidi dirham 50,000, na madai ya wengi wetu hayafiki hata robo ya hapo. Yakienda mahakamani, mfanyakazi halipi ada kama dai halizidi dirham 100,000. Muda wa kudai nao uliongezwa mwaka 2024, sasa ni miaka miwili tangu kazi ilipoisha. Haya yote ni mazuri kwenye karatasi, lakini jaribu kuyafuatilia ukiwa Edmonton kwenye theluji, ukihitaji wakala mwenye hati iliyothibitishwa ubalozini, na tofauti ya saa ni kumi na zaidi. Waajiri wabaya wanalijua hilo kuliko sheria yenyewe.

Ila sasa, huwezi kudai usichojua kukihesabu, na hapa nina ugomvi na wafanyakazi wenyewe. Mtu anaacha kazi, tayari ameshafika Naif, mtaa wa maduka wa Dubai, kununua mablanketi na televisheni ya inchi 55 ya kupeleka kago, na hajawahi kuusoma mkataba wake kujua mshahara wa msingi ni kiasi gani. Kiinua mgongo hakihesabiwi kwa pesa unayopokea kila mwezi. Kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi wa mwisho: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na jumla yote haizidi mshahara wa miaka miwili.

Chukua mhudumu wa mgahawa anayepokea dirham 2,500. Kwenye mkataba wa msingi ni 1,200, zilizobaki ni nyumba, usafiri na marupurupu. Gawa 1,200 kwa 30, unapata 40 kwa siku. Zidisha mara 21, ni 840 kwa mwaka. Miaka minne ni 3,360. Yeye kichwani alikuwa ameshapiga kwa 2,500 na kupata 7,000, ameshaahidi watu nyumbani, na siku ya kulipwa anaona ameibiwa wakati hajaibiwa. Kelele anazipigia mahali pasipo na wizi, na pale penye wizi anapita.

Kwa kawaida wizi wenyewe uko kwenye tarehe ya kuanza kazi. Mkataba unapohuishwa, mhasibu anaanza kuhesabu upya tangu tarehe ya mkataba mpya, na miaka yako miwili ya mwanzo inayeyuka. Utumishi usiokatika unahesabiwa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo pakua mikataba yako yote kwenye app ya wizara mapema, pamoja na ule wa kwanza kabisa. Baada ya mwaka wa kwanza, miezi nayo inahesabiwa: yule wa miaka minne na nusu anadai 3,780, si 3,360. Siku ambazo hukuwepo kazini bila malipo ndizo zinazotolewa, na hapo usibishane. Likizo usiyoitumia inalipwa pia kwa mshahara wa msingi, na hili wengi wanalisahau kwa sababu hawajui wamebakiza siku ngapi. Omba barua pepe ya HR inayoonyesha salio la likizo wakati bado mnacheka pamoja.

Makato yasomwe mstari kwa mstari. Gharama za viza na za kukuleta ni za mwajiri, sheria inamkataza kukutoza, hata kama umeondoka mapema na hata kama amekununia. Lakini ukikimbia notisi, anayo haki ya kukata mshahara wa siku ulizoziruka, na hapo hakuna wa kumlalamikia. Notisi ni siku 30 hadi 90 kulingana na mkataba. Aliye kwenye majaribio na anaihama nchi, zake ni 14. Angalia pia kama unadaiwa faini ya ile bima ya kupoteza kazi. Mtu wa mshahara mdogo anatakiwa kuilipia dirham 5 tu kwa mwezi, lakini asiyejiunga anapigwa faini ya 400, na faini hiyo inaweza kuchukuliwa kwenye kiinua mgongo. Watu wanamtukana mhasibu kwa kosa la dirham tano!

Barua ya kuacha kazi itumwe kwa barua pepe, iwe na tarehe ya siku ya mwisho, na ujibiwe kwa maandishi. Kumwambia supavaiza kwenye WhatsApp "boss nimeamua kuacha" usikutegemee kuwa notisi. Bila maandishi rasmi, siku unayodhani umemaliza kazi, wao wanaweza kudai umetoroka, na taarifa ya kutoroka inakuja na marufuku ya kibali cha kazi ya mwaka mmoja.

Wanaofanya kazi za ndani wana sheria yao peke yao, na waliosajiliwa DIFC au ADGM, yale maeneo huru ya kifedha ya Dubai na Abu Dhabi, nao wana zao. Hesabu za hapa wasizibebe kichwa kichwa.

Benki sasa. Kama una mkopo au kadi, malipo ya mwisho yakiingia benki inaweza kuifunga akaunti mpaka deni lijulikane linalipwaje. Siyo uonevu, uliweka saini hiyo mwenyewe siku ya mkopo. Nenda ukaongee nao kabla ya kuandika notisi, kadi ifungwe mapema kwa sababu inachukua wiki kadhaa, na usiondoke bila barua ya kutodaiwa. Wale wanaoshauri "kimbia na mkopo" wasisahau basi kwamba ndege nyingi za kwenda nyumbani zinapitia hapo hapo Dubai.

Na laini ya simu, jamani. Mtu anakansel laini asubuhi ili kuokoa dirham za mwezi, jioni benki inatuma namba ya siri kwenye laini iliyokufa, na kiinua mgongo chake kinakaa kwenye akaunti asiyoweza kuifungua. Ihamishie kwenye malipo ya kabla (prepaid), weka salio, iwashe ipokee ujumbe nje ya nchi, na uijaribu kabla hujafika uwanja wa ndege. Usiitegemee milele, kwa sababu imefungwa na kitambulisho cha Emirates na kitambulisho kitaisha. Hamisha pesa yote ndani ya wiki za kwanza.

Mwenye familia kwenye viza yake aanze kufuta ya mke na watoto, ndipo yake. Aliyepanga nyumba kwa jina lake afunge umeme na maji kwanza ili adai amana, dirham 2,000 kwa fleti ya Dubai, na afute Ejari, yaani usajili wa mkataba wa pango. Mwenye leseni ya Emirates anayekwenda Uingereza asiitupe, inabadilishwa kule bila mtihani tangu 2021, wakati ya Kenya au ya Tanzania haibadilishwi.

Cheti cha polisi kiombwe wakati kitambulisho bado kinafanya kazi. Ukiwa ndani ni dakika chache kwenye simu. Ukiwa nje utaanza na alama za vidole na mihuri ya ubalozi. Na utakihitaji: Kanada inataka cheti cha kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita.

Barua ya uzoefu mwajiri analazimika kukupa bure ukiiomba, lakini ile ya mistari miwili, "fulani alifanya kazi hapa kama mhudumu, tunamtakia kila la heri", uhamiaji wa Kanada hawana kazi nayo. Wanataka karatasi ya kampuni yenye cheo, tarehe za kuanza na kuisha, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu uliyoyafanya yakielezwa, pamoja na jina na saini ya aliyeitoa. Usimwachie HR aiandike. Andika rasimu mwenyewe, ya kweli, isiyo na chumvi, umpelekee wiki ya kwanza ya notisi. Wengi wataiweka kwenye karatasi ya kampuni na kugonga muhuri kama ilivyo, kwa sababu hawana muda wa kuandika nyingine.