Mnazi Hausomi Bangokitita

Kuna tangazo limetoka chuoni, limebandikwa hadi mlango wa kantini: serikali inatoa ufadhili wa utafiti wa muda mrefu. Nikasema haya, zamu yetu watu wa minazi imefika. Nikavaa miwani, nikasoma hadi chini. Huo muda mrefu wenyewe, miaka mitatu!

Mitatu, jamani. Mnazi mrefu wa mwambao huu ukiupanda leo, mwaka wa tatu bado unakutazama tu. Wa sita, wa saba hivi, ukijisikia, ndio utoe karara la kwanza la maua. Na mimi nautafiti ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao mtu wa Bagamoyo au Mkuranga hahitaji kuelezwa: vidaka, yaani nazi changa, vinapukutika, majani yanageuka njano, kilele kinaanguka, shambani unabaki na nguzo ya umeme isiyo na waya. Kujua mbegu ipi itahimili, unapanda, unangoja ugonjwa uje wenyewe. Huwezi kuuandikia barua ya mwaliko kupitia kwa mkuu wa idara.

Mradi wa taifa wa minazi ulipoanza 1979, Wajerumani na Benki ya Dunia wakiweka fedha, ilipandwa minazi mifupi, ikapandwa na chotara, watu wakashangilia. Kisha ugonjwa ukaifyeka wataalamu wanaona. Hilo lilihitaji miaka kujulikana. Kwa miaka mitatu tungeandika ripoti kwamba miche inapendeza.

Basi, bangokitita, lile jedwali la mpango wa mradi unaloambatanisha na maombi. Kuna safu ya lengo, ya shughuli, ya kiashiria, ya namna ya kuthibitisha. Na kila robo mwaka, matokeo! Robo ya kwanza mnazi wangu uwe umefanya nini, umeripoti kazini?

Nikaenda kwa mhasibu.

"Dokta, miche lazima uambatanishe ankara kifani tatu, hizi za bei kabla ya kununua, za wauzaji watatu tofauti."

"Wauzaji wa miche isiyougua?"

"Ndiyo, Dokta."

"Bwana mhasibu, hao watatu wangekuwepo, mimi ningeomba fedha za nini?"

Akaniangalia kwa huruma, akaniambia utaratibu ni utaratibu.

Halafu kuna mwaka wa fedha. Unaanza 1 Julai, unafungwa 30 Juni, lakini pesa yenyewe mara nyingi inaingia masika yanapoagana nasi. Unaipokea, unaambiwa uitumie yote haraka kabla haijarudi Hazina, na masurufu, yaani fedha ulizokabidhiwa za matumizi, uyarejeshe kwa stakabadhi. Stakabadhi! Mzee wa Kisiju aliyenichimbia mashimo kwa jembe lake, nimdai risiti ya mashine?

Sisemi wakubwa hawajali. Viongozi wa Afrika walikubaliana Lagos mwaka 1980 kwamba sayansi itengewe asilimia 1 ya pato la taifa. Majirani zetu Kenya wakaona hiyo ndogo, sheria yao ya 2013 ikaandika asilimia 2. Kwenye kuandika, Afrika Mashariki hatujambo. Hata mimi naandika.

Nyumbani nako sina raha. Mama Zuhura ananikuta usiku wa manane nimeinamia kompyuta.

"Baba Zuhura, hao minazi wanakulipa?"

"Wakikubali andiko la kuomba fedha, watalipa."

"Wewe utafiti mchicha. Wiki tatu unavuna, unaandika ripoti, unakula."

Nikanuna, maana waliosoma maandiko yangu ya nyuma nao waliniandikia hivyohivyo, kwa lugha ndefu zaidi: mtafiti afikirie mazao ya muda mfupi.

Jana ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma. Mfumo ukawa chini mchana kutwa, ukaamka saa tano usiku kila mtu akiukimbilia. Nikajaza weee, hadi kwenye sehemu ya mwisho: idadi ya nazi zitakazovunwa mwaka wa kwanza. Nikaweka sifuri. Ikawaka nyekundu. Nikampigia kijana wa TEHAMA.

"Dokta, mfumo haukubali sifuri."

"Mnazi je, unakubali moja?"

"Mnazi sijui, Dokta. Mfumo unakubali."

Nikaweka moja, nikabonyeza, andiko likapita. Kwa hiyo wakinipa fedha hizo, nitadaiwa na Jamhuri ya Muungano nazi moja kabla ya 30 Juni. Mama Zuhura ananiambia nisihangaike, Buguruni sokoni zipo, na muuzaji anayemjua anatoa risiti.