Sikumwozesha Mwenyekiti Mimi

Najua mmeshaisikiliza ile sauti ya dakika nne aliyoirusha Fundi Simu kwenye magrupu, ile ambayo anacheka kuliko anavyosimulia, eti Jumamosi kwenye mkutano mkuu wa chama nilimwozesha mwenyekiti, nikalia, nikaruka dirisha. Sasa naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza, sikuruka dirisha. Tulikuwa chini ya turubai, dirisha lingetoka wapi? Pili, sikulia, ile ilikuwa vumbi, na anayeijua Dodoma ya Agosti anaelewa. Tatu, mwenyekiti sikumwozesha mimi. Aliozeshwa na milimita 18 za karatasi.

Kwa msiojua, mimi ndiye "mtaalamu" wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Cheo hicho nilipewa siku nilipochomoa waya wa printa ofisini nikauchomeka tena, ikawaka. Tangu hapo nikakabidhiwa kompyuta, nikawatengenezea kanzidata, yaani daftari la wanachama la kwenye kompyuta, kwa programu ya Access. Mwenyekiti anaiita "kanzu-data" mpaka leo na hakuna mwenye ubavu wa kumsahihisha, hasa baada ya Jumamosi.

Kazi ya safari hii ilikuwa ndogo. Mkutano mkuu, wanachama 214, kila mmoja apewe karatasi yake moja. Juu jina na namba ya uanachama, katikati miezi 12 mistari 12, chini kisanduku chenye jumla: akiba yako, deni lako, na madhumuni ya mkopo. Hilo la madhumuni halikuwepo zamani. Nililiongeza mimi, kwa ajili ya uwazi. Likumbukeni hilo neno, uwazi. Na kwenye karatasi ya kwanza kabisa, juu ya jina la mwanachama namba 1, nikaweka nembo ya chama na kichwa cha taarifa.

Alhamisi usiku nikajaribu kuprinti nyumbani. Karatasi ya kwanza ina maandishi, ya pili nyeupe pe. Ya tatu ina maandishi, ya nne nyeupe. Mke wangu akauliza kama hizo nyeupe ni za wanachama wasiolipa. Nikahangaika mpaka saa sita, kumbe ripoti, yaani ule mchoro wa karatasi ndani ya Access, nimeichora ina upana wa sentimita 20, na pembezoni nimeacha 1.27 kushoto na 1.27 kulia. Jumla 22.54, na A4 ina upana wa 21 tu. Access haina huruma: kinachozidi inakipa karatasi yake, hata kama kinachozidi ni hewa tupu. Nikaibana ripoti hadi 18, zile nyeupe zikapotea. Nikapiga picha nimekunja mikono mbele ya laptopu, nikaweka stetasi: "Mambo madogo kwa wakubwa." Wengine mliweka moto. Mnawajibika na nyie.

Sasa hapa nataka kuwa mkweli. Kuna sehemu kwenye ripoti ambapo unaiamuru programu: ukimaliza mwanachama mmoja, kata, anza ukurasa mpya, upende usipende. Sikuiweka. Niliona haina kazi, kwa sababu kwenye A4 yangu kila mwanachama alikuwa anaijaza karatasi yake vizuri, anayefuata anakosa pa kukaa anahamia ukurasa mwingine mwenyewe. Kama daladala ya Nzuguni: ikijaa, wa nyuma wanasubiri ijayo. Konda wa nini?

Ijumaa wino wa printa yangu ukakata karatasi ya tatu. Nikabeba fleshi nikakimbilia steshenari moja jirani na Jamatini. Kompyuta ya yule kijana ilikuwa imewekwa karatasi ya Kimarekani, ile Letter, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 lakini fupi: milimita 279 badala ya 297. Na ripoti yangu haikuwa imefungwa kwenye printa yoyote. Ilifuata printa ya mashine iliyoikuta, na vipimo vyake. Hayo ninayaandika leo kama profesa. Siku ile nilichoona ni taa ya chungwa inawaka kwenye printa, na kijana anabonyeza kitufe.

"Vipi, ina shida?"

"Huwa inafanya hivyo, bro. Inataka kubembelezwa."

Kumbe maskini ya Mungu ilikuwa inauliza: mbona mmenipa A4 na mmeniambia Letter? Ikauliza, kijana akaibonyeza inyamaze. Karatasi zikatoka na nafasi nyeupe chini, nikaona ni madoido. Chini ya karatasi ya kwanza imeandikwa "Ukurasa 1 kati ya 215." Wanachama 214, kurasa 215. Nikaisoma kabisa, jamani, kwa macho yangu yote mawili. Nikauchukulia ule wa ziada kama nyongeza, vile muuza karanga anavyokuongezea punje mbili tatu. Nikalipa, nikapanda bajaji.

Jumamosi saa tatu asubuhi turubai limefungwa, upepo unalipiga, spika mbili kubwa za kukodi, viti vya plastiki. Mwenyekiti akasalimia "Mbukwenyi!", watu wakaitikia kwa shangwe. Katibu akaanza kugawa karatasi kwa majina. Alipofika katikati akaniita pembeni.

"Mwanangu, hii nimeipenda. Mmeweka jumla juu kabisa kama benki."

Nikatazama. Ni kweli, kisanduku cha jumla kiko juu, jina la mwanachama liko chini yake. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nikajibu nini?

"Ndiyo mama. Mtindo mpya."

Mtindo mpya! Fundi Simu alikuwa amesimama hapo hapo, ndiyo maana hilo neno sasa mnanitumia kila nikiandika kitu.

Dalili ya kwanza ilikuwa ya furaha. Mama mmoja wa maandazi, namba 58, alisoma karatasi yake akapiga vigelegele, akapiga magoti pale kwenye vumbi akimshukuru Mungu kwamba deni limeisha. Watu wakampigia makofi. Nikapiga na mimi.

Halafu Mwalimu.

Mwalimu ni mwanachama namba 2, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hadaiwi hata njiti ya kiberiti mtaa mzima. Alikaa mstari wa mbele na mkewe. Nilimwona akitoa miwani kwenye mfuko wa shati. Akaisoma ile karatasi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, taratibu, lenzi ya kulia, lenzi ya kushoto. Akaivaa. Akasoma tena, safari hii kwa kidole. Kidole kilifika mahali kikasimama. Hakikuondoka. Mkewe akainamia kuona kidole kimekwama wapi. Na macho yake yakakwama hapo hapo. Turubai likapiga, pa, pa, pa. Halafu yule mama akamgeukia mumewe na kumtazama kama mtu anayemtafuta mtu mwingine ndani yake.

Mwalimu akanyanyuka.

"Ndugu Mwenyekiti. Naona hapa nadaiwa milioni mbili na laki sita."

"Mwalimu, hayo tutayashughulikia ofisini..."

"Sijamaliza. Madhumuni ya mkopo: nyingineyo. Maelezo: mahari." Akakunja karatasi. "Mimi nina miaka 74. Naomba mkutano mkuu unitajie bibi harusi."

Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika mguu. Mkewe akaongeza, bila kunyanyuka: "Na mimi nitajiwe, nimwachie chumba mapema."

Mwenyekiti hakucheka. Hilo nililiona, ila sikulifanyia kazi. Alikuwa ameweka chupa ya maji juu ya karatasi yake, akasema tuendelee na ajenda ya nne. Lakini huku nyuma washaanza: "Mtaalamu! Mtaalamu aje!" Na mimi, enyi ndugu zangu, nikaenda. Ningeweza kusema ni hitilafu, tutarekebisha, nikakaa. Sentensi moja tu. Lakini nilikuwa nimekwishaokota karatasi ya Mwalimu na ya mkewe, namba 3, nikaziweka sambamba, na ghafla nikaelewa kila kitu. Hakuna ulevi kama wa kuelewa kitu mbele za watu.

Nikashika maiki. Mwenyekiti akakohoa. Nikadhani vumbi.

"Ndugu wanachama, msiwe na hofu. Tatizo nimeliona. Karatasi iliyotumika ilikuwa fupi. Ukurasa wa kwanza una nembo juu, kwa hiyo kisanduku cha jumla kikakosa nafasi chini, kikahamia ukurasa wa pili, juu. Kikala nafasi ya mwenye ukurasa, naye kisanduku chake kikahamia wa tatu. Hivyo hivyo mpaka mwisho."

Mwenyekiti akakohoa tena, kikohozi chenye silabi.

"Kwa hiyo Mwalimu, hilo deni si lako." Watu wakashangilia. Nikapandisha sauti, spika zikairudisha mpaka barabarani. "Ni la aliyekutangulia kwenye orodha! Kila mmoja ameshika deni la aliyemtangulia. Namba 4 ana la namba 3, namba 3 ana la namba 2, na namba 2 ana la..."

Hapo ndipo nilipofika. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kwa ajili ya neno linalofuata. Nilibaki nao hivyo hivyo, na maiki mbele yake, na spika zikatoa pumzi yangu tu, hhhhh, kwa mkutano mzima.

Kijana mmoja mgeni kabisa chamani, hana baya lolote, akauliza kutoka nyuma: "Kwani namba moja ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Vichwa viligeuka vyenyewe, kama alizeti.

Mke wa mwenyekiti alikuwa mstari wa tatu. Hakupiga kelele. Akajifunga kanga vizuri, akaja hadi meza kuu, akanyanyua ile chupa ya maji, akachukua karatasi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Chini ya mistari 12 palikuwa peupe.

"Ya huyu haina jumla," akasema.

Halafu akanigeukia mimi. Si mumewe, mimi!

"Mwanangu, hiyo kompyuta yako huwa inaandika na jina la mwanamke?"

Nimefikiria majibu mengi tangu Jumamosi, wadau. Nimeyafikiria bafuni, nimeyafikiria kwenye bodaboda. Ningesema sijui. Ningeanguka nikazimia, ningebebwa na heshima yangu. Nilichojibu, kwa maiki ikiwa bado imewashwa, ni hiki:

"Hapana mama. Ila nafasi ya kuliweka ipo."

Basi. Mkutano uliahirishwa, mwenyekiti akasema mahari ni ya mpwa wake wa Kondoa, mkewe akasema sawa, kesho tunakwenda Kondoa kumsalimia huyo mpwa, karatasi zikakusanywa, mama wa maandazi sitaki hata kumzungumzia. Usiku ule ule nikamweka konda, ile amri ya kukata ukurasa. Kwanza nikamweka kabla ya jina la mwanachama, nembo ikabaki peke yake ukurasa wa kwanza kama mjane. Nikamhamishia baada ya kisanduku cha jumla, akatulia. Nikaifunga karatasi iwe A4, nikaitoa yote kama PDF ili steshenari wasiiguse, kurasa zikahesabika 214. Nimeprinti upya kwa hela yangu mwenyewe, shilingi 100 kwa karatasi, kapigeni hesabu wenyewe. Mwenyekiti nilimpigia shikamoo leo asubuhi akaangalia mnara wa simu.

Limebaki moja tu, na hili Fundi Simu halijui, kwa hiyo msimwambie.

Wakati wa kukusanya karatasi, mwanachama namba 214 hakuwepo. Ni kijana wa bodaboda, alisoma karatasi yake mapema, akaona amemaliza mkopo, akaondoka kabla ya Mwalimu kuvaa miwani. Alichokisoma ni kisanduku cha namba 213, bibi mmoja ambaye hajawahi kukopa. Cha kwake yeye ndicho kilichokaa peke yake kwenye ukurasa wa 215, ile nyongeza yangu ya karanga. Jana jioni amekuja nyumbani na pikipiki mpaka mlangoni, ameniletea zabibu kilo mbili za Hombolo, ananishukuru kwa kumsafishia jina. Nilifungua mdomo nimweleze. Akanikumbatia.

Zabibu tumeshakula nusu. Ukurasa wa 215 ninao hapa, nimeukunja mara nne. Kesho nitampigia.