Mbu wa msituni: tuendelee kuwapa majina au tukomae na hawa tunaowajua?

Kila ikitangazwa kwamba kuna spishi mpya ya mbu imepatikana kwenye msitu fulani wa Afrika watu wanagawanyika palepale. Kuna wanaouliza hivi kweli mbu tulionao hawatoshi mpaka tutafute wengine? Na swali lao sio la kipuuzi, maana mwaka 2023 peke yake malaria iliua watu karibu 597,000 duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na katika kila 100 waliokufa kama 95 walikuwa Afrika, wengi wao watoto wadogo, sasa mtu akisikia kuna pesa imeenda kwa mtaalamu anayekesha msituni na mtego wa taa akitafuta mbu ambaye pengine hajawahi kumng'ata binadamu hata siku moja, lazima imuume. Upande wa pili wanasema huwezi kupambana na mdudu usiyemjua ni nani.

Mi nipo na hawa wa pili, nasema mapema kabisa, ila nina masharti yangu na kuna sehemu naona wale wa kwanza wana hoja na hawajibiwi vizuri.

Nianze na Bwamba, kule magharibi ya Uganda mpakani na Kongo, kwa sababu hiki kisa kinaonyesha gharama ya kutokujua. Miaka ya 1940 watafiti wa ile taasisi ya homa ya manjano iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1936 (ndo UVRI ya leo, taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi) walikuwa wanajaribu kuelewa virusi vinatokaje msituni mpaka kwa watu. Wakagundua kule juu kwenye vilele vya miti kuna mbu anaitwa Aedes africanus anawang'ata nyani na kima, alafu hao kima wanashuka kuiba ndizi kwenye mashamba ya watu pembeni ya msitu, na pale shambani kuna mbu mwingine anazaliana kwenye kile kimaji kinachotuama pale jani la mgomba linapoungana na shina, huyo anamng'ata kima mwenye virusi halafu anamng'ata mkulima. Huyu wa migombani walimwita Aedes simpsoni. Kazi nzuri sana, mpaka leo inafundishwa. Shida ikawa sehemu nyingine za Uganda hiyohiyo huyo "simpsoni" yupo tele kwenye migomba lakini watu hawaumwi naye kabisa, mtu anakaa shambani siku nzima hang'atwi. Kwa miaka mingi maelezo yakawa ni kwamba tabia zinatofautiana kutokana na mahali, basi.

Ilikuja kuwekwa sawa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na kuingia ya 1980, pale Yiau-Min Huang wa Smithsonian, Marekani, alipokaa na sampuli za hilo kundi moja baada ya nyingine akaonyesha kwamba ndani ya jina moja kulikuwa na zaidi ya spishi moja. Simpsoni wa kweli ni wa kusini mwa Afrika. Huku kwetu kuna Aedes lilii na Aedes bromeliae, na bromeliae ndo huyu anayeng'ata watu na kubeba homa ya manjano. Fikiria hapo ripoti zote za nyuma zilizoandikwa simpsoni, huwezi kujua kila moja inamzungumzia nani mpaka urudi kwenye sampuli yenyewe, na kama sampuli haikutunzwa ndo imetoka hiyo.

Kwa malaria kisa ni kilekile, na kikubwa zaidi. Mpaka miaka ya 1950 Anopheles gambiae wa maji yasiyo na chumvi alihesabiwa ni mbu mmoja Afrika nzima. Kwa kuangalia kwa macho hata chini ya hadubini jike la huku na jike la kule hawana tofauti ya kushika. Ila walipoanza kuwapandisha maabara, kina George Davidson na Hugh Paterson, wakaona wazazi wa sehemu fulani wakichanganywa na wa sehemu nyingine watoto wa kiume wanatoka tasa, maana yake hao sio kitu kimoja. Leo tuna arabiensis anayeng'ata ng'ombe pia na anayependa zaidi kuwa nje, tuna quadriannulatus ambaye kazi yake zaidi ni wanyama, tuna gambiae mwenyewe. Ukipuliza dawa ukutani au ukagawa chandarua unampata vizuri anayeingia ndani kulala, huyo mwingine wa zizini anakukwepa, sasa kama kwenye ripoti yako wote ni gambiae utashangaa kwanini dawa "haifanyi kazi".

Na misitu imeendelea kutoa ndugu wengine wa hilo kundi. Mwaka 1985 akaandikwa Anopheles bwambae, anazaliana kwenye chemchemi za maji moto yenye madini mle msitu wa Semliki, tena Bwamba hukohuko. Mwaka 2013 wakaja coluzzii na amharicus, hao sio wa msituni hasa. Mwaka 2019 akaandikwa Anopheles fontenillei kutoka msitu wa Lopé, Gabon, na huyu ndo ananifanya nikatae hoja ya kwamba mbu wa msituni hawatuhusu, maana vinasaba vyake viliposomwa ikaonekana alishabadilishana jeni na gambiae na coluzzii, tena jeni zinazohusika na uwezo wa kubeba ugonjwa. Yani ukuta kati ya mbu wa msituni na mbu wa chumbani una matundu. Wanaopanga kuachia mbu waliobadilishwa vinasaba ili kumaliza malaria wanatakiwa wajue hawa ndugu wote ni kina nani kabla, sio baada.

Sasa nirudi kwa wale wa kwanza wanaosema mbu tulionao wanatosha, na nawachukulia kwa uzito. Kwanza ni kweli kwamba mbu wengi wa msituni hawana habari na sisi. Toxorhynchites, yule mkubwa anayeng'aa, hanyonyi damu kabisa, na viluwiluwi vyake vinakula viluwiluwi vya mbu wengine. Mbu wa jenasi Malaya (jenasi ni kundi la spishi ndugu) anamsimamisha sisimizi mdogo wa mtini njiani, anaingiza mrija mdomoni mwake anakula tone la utamu, ndo chakula chake. Kuna Uranotaenia ambao wengi wao wanafuata vyura. Ukimwambia mkuu wa mpango wa malaria kwamba hawa nao wanahitaji bajeti atakuona humtakii mema, na mimi simlaumu.

Ila hata hapo sio rahisi kujua mapema nani atakuwa na maana. Katanga, kule Kongo, mwaka 1948 watafiti Vincke na Lips walimpata kimelea wa malaria ya panya, Plasmodium berghei, na njia iliyowafikisha ilipitia kwa Anopheles dureni, mbu wa misitu ya kando ya mito ambaye hakuwa na sifa yoyote, walimpasua wakakuta vimelea kwenye tezi za mate na damu tumboni ya panya, ndo wakajua watafute panya. Huyo kimelea leo anatumika maabara dunia nzima kujaribia dawa na chanjo. Virusi vya Zika vilivyowashtua watu Brazil mwaka 2015 vilipatikana 1947 kwa tumbili aliyewekwa juu ya mti msitu wa Zika karibu na Entebbe, na mwaka uliofuata kwa Aedes africanus.

Hoja yao ya pili naipa uzito zaidi: majina yanabadilika mno na wataalamu wenyewe ndo wanaovuruga. Mwaka 2000 mtaalamu wa kuainisha mbu, John Reinert, aliigawa jenasi Aedes, akaitoa Ochlerotatus kuwa jenasi kamili, mwaka 2004 mabadiliko yakaendelea mpaka Aedes aegypti, mbu wa dengue anayejulikana na kila daktari, akawa Stegomyia aegypti. Majarida ya kisayansi yakagoma kuyafuata moja kwa moja, wengine wakaandika hivi wengine vile, na mwaka 2015 Wilkerson na wenzake wakapendekeza turudi kwenye Aedes ileile. Miaka 15 hiyo. Muuguzi au afisa afya wa wilaya aliyekuwa anajifunza kwenye kitabu kimoja na kusoma ripoti kwenye jina lingine hakufaidika chochote, na sijasikia mtu akimuomba radhi.

Halafu sio kila tofauti inastahili jina la spishi. Aedes aegypti Afrika ana sura mbili, mweusi wa msituni anayezaliana kwenye matundu ya miti na kupendelea wanyama, na wa kahawia anayekaa na watu kwenye mitungi ya maji. Rabai, pwani ya Kenya, waliwahi kukutwa wote wawili karibukaribu, msituni huyu na nyumbani yule, na utafiti uliotoka 2014 ukaonyesha kupenda harufu ya binadamu kunaendana na jeni moja ya kunusa inayoitwa Or4. Tofauti kubwa hiyo kwetu sisi tunaong'atwa, lakini wakikutana wanazaana vizuri, ndo maana wamebaki spishi moja. Nadhani walifanya sawa. Mtu mwenye haraka angeshawagawa.

Na haraka ndo kinachonitia wasiwasi zaidi siku hizi, kwa sababu kusoma vinasaba kumekuwa rahisi kuliko kukaa na mdudu. Kile kipande cha jeni cha COI kinachotumika kama kitambulisho cha wadudu ni msaada mkubwa, kiluwiluwi kisicho na sura unakijua ni cha nani, mguu mmoja uliokatika unatosha. Ila COI hiyohiyo haiwezi kukutenganishia gambiae na coluzzii kwa uhakika, hivo anayedhani mashine itamaliza kazi ya hadubini bado. Kuna makundi yameonekana kwenye data za vinasaba tu, Goundry na Tengrela kule Burkina Faso, na lile lililopewa jina la Pwani kwa Kenya na Tanzania, na hayajaandikwa rasmi kama spishi. Kuna wanaolalamika yanacheleweshwa. Mi naona kuyaacha na majina ya muda ni busara, mpaka mtu apate mbu mzima, dume na jike na kiluwiluwi, aseme huyu hapa anafanana hivi, anazaliana hapa, anang'ata nani. Spishi ambayo mtu wa kituo cha utafiti mkoani hawezi kuitambua bila mashine iliyopo mji mkuu inamsaidia vipi usiku wa leo?

Upande wa hadubini nao usisifiwe kupita kiasi lakini. Chukua Eretmapodites, mbu wenye mng'ao wa dhahabu na fedha wa misitu yetu, wanazaliana kwenye maji kiduchu ya jani lililodondoka au ganda la konokono aliyekufa. Mwaka 1944 virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilitolewa kwenye mbu wa msitu wa Semliki, na hawa walikuwemo. Sasa kwenye kundi la chrysogaster majike wanafanana hawatenganishiki, na jike ndo anayeng'ata. Inabidi upate dume, ukate ncha ya tumbo, uiloweke kwenye potashi kali mpaka nyama iyeyuke ibaki ngozi ngumu peke yake, uipange kwenye kioo, uangalie umbo la viungo vyake vya uzazi, na ukiwa na jike aliyekung'ata tu mkononi itabidi umbembeleze atage ulee watoto mpaka wapatikane wa kiume ndo ujue mama yao alikuwa nani. Wanaoweza hii kazi kwa mkono uliotulia ni wachache na wengi umri umeenda, na mikoba yao hairithiwi kwa sababu hakuna ajira inayotangazwa ya kuainisha mbu wa msituni. Hapa vinasaba vingeokoa miezi, lakini kwa sharti kwamba zile jeni za kulinganishia zitoke kwa dume aliyetambuliwa kwa njia hiyo ngumu, la sivyo unalinganisha kosa na kosa.

Kuna suala la sampuli zinakaa wapi. Sampuli ya mfano, ile moja ambayo jina la spishi limefungwa kwake, kwa spishi nyingi za Afrika ipo London, Paris au Tervuren kule Ubelgiji. Kijana wa Libreville au Kampala akitaka kuhakikisha mbu wake ni yuleyule anaomba picha au anatafuta nauli. Inaudhi. Itifaki ya Nagoya, ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, imesaidia nchi kudai haki kwenye matumizi ya viumbe vyao, ingawa vibali navyo vimekuwa virefu kiasi kwamba hata mwanafunzi wa nchi jirani ndani ya Afrika anakwama. Wanaotetea makumbusho ya Ulaya wana hoja moja nzito, mbu mkavu kwenye pini ni kitu dhaifu sana, unyevu ukiingia anaota ukungu, vidudu vya makumbusho vinamla anabaki unga, na chumba kisicho na umeme wa uhakika hakimtunzi miaka 100. Kwa hiyo sidai kila kitu kirudi kesho. Nadai kwamba spishi mpya ikiandikwa leo, sehemu ya sampuli zake ibaki nchi ilipotoka, na pesa ya chumba kikavu na kabati zisizopitisha wadudu iwekwe kwenye bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza, kama wanavyoweka ya magari.

Kuhusu pesa kwa ujumla, mi naona ugomvi umekuzwa. Miradi ya malaria inatega mitego ya taa kila wiki, mingi kwenye vijiji vinavyopakana na misitu. Asubuhi kikombe kinamwagwa mezani, Anopheles wanachaguliwa wanahesabiwa, na waliobaki wanaandikwa "wengineo" wanatupwa. Hao wengineo walishalipiwa, mtego, betri, mafuta ya pikipiki na mshahara wa aliyekesha. Kuwaweka kwenye kichupa chenye silika ya kukaushia na karatasi ya tarehe na mahali ni gharama ndogo, halafu mguu mmoja ukatwe kwa ajili ya vinasaba na mwili wote uliobaki utunzwe kwa atakayekuja na hadubini.