Nianze Kahawa, au Nibaki na Chai Yangu?

Jumapili moja mwezi uliopita mume wangu alirudi kutoka kijiweni na habari, uso umemng'aa kama mvuvi aliyebahatika nguru. Kahawa inazuia ugonjwa wa sukari! Mwenzao mmoja kaisoma kwenye simu, wakaijadili tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, na baraza likaazimia kwamba wake zao nao waanze kunywa. "Mama watoto, kwenu sukari imewamaliza wajomba. Kunywa kahawa."

Nilimtazama tu. Miaka 19 ya ndoa, kahawa imekuwa mambo ya wanaume wa barabara ya 15 hapa Ngamiani, Tanga, na mimi niko ndani na chai yangu ya tangawizi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitukemea wajukuu wa kike kila tulipodokoa finjani ya babu: kahawa inakausha damu ya mwanamke. Leo imegeuka dawa?

Sikumjibu siku ile. Nimeuliza, nimesoma, na nimegundua kwamba yeye na bibi kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila kila mmoja amekishika kwa upande usio wake.

Tuanze na kipande cha mume wangu, maana hakikutoka hewani. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio yaliyokusanya chambuzi zaidi ya 200 kuhusu kahawa na afya. Wanywaji wa vikombe 3 hadi 4 kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa katika kipindi walichofuatiliwa kuliko wasiokunywa kabisa. Ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, maradhi ya ini, hata ule wa Parkinson wa kutetemeka mwili, vyote vilionekana kwa uchache miongoni mwa wanywaji. Na kwa upande wa sukari, hata kahawa iliyoondolewa kafeini, kile kinachofukuza usingizi, ilikwenda na nafuu hiyohiyo, kwa hiyo huenda kinachofanya kazi ni vitu vingine vilivyomo kwenye buni.

Hayo ni mengi, na siyadharau. Lakini karibu tafiti zote hizo ni za kuangalia: watu wanaulizwa wanakunywa nini, kisha wanafuatiliwa miaka kadhaa. Hakuna aliyewagawa watu kwa kura, hawa kahawa, hawa maji, akasubiri miaka 20.

Hapo ndipo fikira zangu zilipokimbilia kijiweni kwao. Nani anakaa pale? Mwanamume anayeweza kutembea kutoka nyumbani, anayeweza kukaa kwenye benchi la mbao saa mbili akibishana kuhusu timu ya Coastal Union, anayecheka, mwenye wenzake wa kumuuliza asipoonekana siku tatu. Yuko jirani yetu mmoja aliyekuwa mtu wa kahawa hasa; presha ilipompanda daktari akamkataza, na sasa anakaa ndani. Mtafiti akija leo, jirani huyu ataandikwa kwenye kundi la wasiokunywa, pamoja na presha yake. Wakijaa watu kama yeye katika kundi hilo, wanywaji wataonekana wazima kuliko walivyo. Wanaochambua takwimu hujitahidi kurekebisha kasoro hii, ila haiishi yote. Tahariri iliyoambatana na mapitio yale yale ya 2017 ilisema wazi kwamba madaktari wasiwashauri watu kunywa kahawa kama kinga ya maradhi. Sehemu hiyo haikufika barabara ya 15.

Isitoshe, kahawa gani? Wengi katika tafiti za Marekani walikuwa wakinywa iliyochujwa kwa karatasi, kwenye kikombe kikubwa. Kahawa yetu mnaijua. Muuzaji anakuja na birika lake juu ya jiko dogo la mkaa, mkono wa pili unagonganisha vikombe tik-tak, tik-tak, ndoo ya kusuuzia iko pembeni. Unga unachemshwa humohumo ndani ya birika. Finjani haijai hata theluthi ya kikombe cha chai, haina sukari, chungu kabisa, na ukifika chini unakutana na masimbi. Mtu hanywi moja. Anakunywa nne au tano bila kuhesabu, na kashata.

Kuchemsha huko kuna hesabu yake. Ndani ya mafuta ya buni mna vitu viwili, kafestoli na kaweoli, vinavyopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Karatasi ya kuchujia huvizuia, birika haliwezi. Wanorwe waliligundua hilo mapema, maana na wao walikuwa watu wa kuchemsha: mwaka 1983 utafiti uliofanywa mjini Tromsø ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokunywa kahawa nyingi ndivyo kolesteroli yake ilivyokuwa juu. Kwa njia ya kupika, basi, mnywaji wa Ngamiani yuko karibu na mvuvi wa Norwe kuliko na karani wa Boston.

(Kashata nayo ina lake. Nimemwona mume wangu kwa macho yangu akila kashata tatu za karanga kwa mkao mmoja, huku akijikinga na sukari.)

Kuna jambo moja lililonishtua kuliko yote, na halihusu kahawa peke yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kahawa mwaka 1991 kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu. Mwaka 2016 likaitoa: ushahidi haukutosha. Lakini siku hiyohiyo likaweka kitu kingine kwenye kundi zito zaidi, kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, nacho ni kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65, kwa ajili ya saratani ya umio, yaani koromeo la chakula. Utafiti wa Golestan, kaskazini mwa Iran, uliotoka 2019, ulikuta kwamba waliokunywa zaidi ya mililita 700 za chai kwa siku, yenye joto la nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa. Na sisi huku tumo ndani ya ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani hiyo huonekana mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Sababu zake ni kadhaa, pombe na tumbaku zimo, lakini moto wa kikombe unatajwa pia.

Sasa fikiria finjani iliyotoka kwenye birika lililo juu ya makaa. Utawasikia wazee wanavyoivuta kwa sauti, fyuuu, wakiipooza kwa hewa kabla haijafika kooni, wanajua inaunguza. Fikiria na chai yangu mimi, ninayoinywa jikoni huku bado inatokota. Nilipofika hapo niliona aibu kidogo. Mwezi mzima nahoji kahawa ya watu, na kikombe changu mwenyewe sijakipima.

Turudi kwa bibi. Damu haikaushwi na kahawa. Ila kahawa inazuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, tembele, mchicha na nafaka. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa 1983, kikombe cha kahawa pamoja na mlo kilipunguza unyonyaji huo kwa asilimia 39. Ikinywewa saa moja kabla ya kula, haikudhuru. Saa moja baada ya kula, ilizuia vilevile kama ilivyonywewa pamoja na chakula. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, neno la bibi halikuwa upuuzi. Alikosea tu kudhani chai ina usalama. Katika jaribio hilohilo chai ilipunguza kwa asilimia 64!

Yapo mengine yanayomlenga mwanamke, na kijiweni siamini kama yalitajwa. Kafeini kwa kawaida huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, muda huo hukaribia kuongezeka mara mbili. Mjamzito wa miezi ya mwisho, unaweza kufika saa 15. Ndiyo maana mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, iliyosema 2015 kwamba miligramu 400 za kafeini kwa siku hazimdhuru mtu mzima mwenye afya, kwa mjamzito ilishuka hadi 200. Mapitio yale ya 2017, pamoja na sifa zote yalizoimwagia kahawa, yalihusisha unywaji mwingi wakati wa ujauzito na mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Binti yangu mkubwa ana mimba ya miezi mitano. Yeye hayumo kwenye mjadala huu, na baba yake nimemwambia asithubutu kumpelekea lile azimio lao.

Mimi sina mimba wala sinywi vidonge, lakini usingizi ninao na ninaupenda. Tanga yetu inaitwa mji wa waja leo waondoka leo. Kafeini haina desturi hiyo. Ya saa kumi na moja jioni, nusu yake bado iko nawe saa nne usiku. Niliwahi kuonja hilo usiku wa maulidi, nilipokunywa finjani tatu jikoni pamoja na wapishi ili nisisinzie kabla ya wali. Wali uliiva, tukala, tukaosha masufuria, watu wakaondoka, nami nikakodoa macho kwenye paa mpaka alfajiri moyo ukinidunda. Kafeini haiongezi nguvu. Inakaa mahali ambapo adenosini, kemikali ya kutuambia tumechoka, ingekaa, na uchovu unasubiri nje ya mlango.

Yasemwe na haya, kwa kuwa mume wangu hataki kuyasikia. Kila Ramadhani, siku tatu za mwanzo, anashikwa na kichwa mpaka nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Anasema ni njaa. Mtu aliyezoea kahawa akiikosa, kichwa humwanza kati ya saa 12 na 24 baadaye, na hali hiyo yaweza kudumu siku mbili hadi tisa. Wanaopunguza kidogokidogo mwezi wa Shaabani hupata nafuu. Nimemshauri miaka yote. Kijiwe kina nguvu kuliko mimi.

Mwenye presha kali naye awe na hadhari. Utafiti wa Wajapani wa 2022 ulihusisha vikombe viwili au zaidi kwa siku na hatari mara mbili ya kufa kwa maradhi ya moyo na kiharusi, kwa wale ambao presha yao ilikuwa 160 kwa 100 na kupanda. Kwa wenye presha ya kawaida, au iliyopanda kidogo, hatari hiyo haikuonekana.

Ugomvi huu wala si mpya. Huko Makka, mwaka 1511, gavana Khair Beg alikusanya wanazuoni na matabibu, akaipiga marufuku kahawa, na magunia yakachomwa. Haukupita muda, mkubwa wake wa Cairo akaibatilisha marufuku ile. Waliokuwa wakiitumia sana ni masufi wa Yemen, wapate kukesha kwenye dhikri. Kwa hiyo waliipenda kwa jambo lilelile ambalo mimi nailalamikia.

Hukumu yangu, kwa mwili wangu? Kama hunywi kahawa, sijaona sababu ya kiafya ya kukufanya uanze. Kama wajomba waliondoka na sukari, cha kuanza nacho ni kupima, kutembea, kupunguza sukari kwenye chai na kiasi cha wali wa usiku. Finjani haiwezi kubeba mzigo huo. Lakini pia sikuona cha kunitisha katika kahawa yenyewe kwa mtu mzima, mwenye presha ya kawaida, asiyekuwa na mimba. Halafu nikahesabu vikombe vyangu vya chai, vinne kwa siku, kila kimoja na kafeini yake, karibu nusu ya ile ya kikombe cha kahawa. Swali la kuanza lilishajibiwa zamani na marehemu mama, aliponinywesha chai na maandazi kabla sijaenda shule.

Na nashuku kwamba sehemu ya kinachowapa wazee wale afya ni benchi. Benchi hilo halina nafasi yangu, na hakuna birika litakaloniletea ndani.

Nimebadilisha machache. Chai imeondoka kwenye mlo wa mchana. Na kwa kuwa nilitaka kujua bibi alikuwa akitunyima nini, juzi saa nne asubuhi nilimtuma mwanangu na chupa ya chai akanunue kahawa. Nikamimina finjani moja, nikaitua dirishani, nikaendelea kuchambua mchele. Mume wangu akapita, akaigusa kwa kidole.

"Hii umeshaiua," akasema. "Kahawa ikipoa hivi ni ya kumwagia maua."

Nikamwambia atoe kidole chake humo.